Mnara wa Siloamu na Orodha ya Wahitaji

Masomo: Ayubu 1–2, 22, 42. Luka 13:1–5



Robo hii tunajifunza jambo linalotukabili kila tunapokaa kupitia orodha ya wahitaji. Mama mmoja anafunga na kuomba, anatoa sadaka ya mavuno kila mwaka, na mahindi yake yamekauka. Mzee wa kanisa amefiwa na watoto wawili, huku mlanguzi wa mazao akipandisha ghorofa. Watu wanauliza, Mungu wa haki yuko wapi? Kuuliza hivyo si dhambi. Yeremia alimwuliza Mungu waziwazi kwa nini wabaya wanafanikiwa (Yer. 12:1), na mwandishi wa Zaburi ya 73 anakiri kwamba wivu juu ya waovu ulikaribia kumwangusha.

Linalotuhangaisha zaidi ni swali jingine, lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: huyu alifanya nini hata yakampata haya? Katika kikao kimoja cha kugawa mbuzi wa maziwa, jina la mjane lilirukwa kwa kuwa mumewe alifariki kwa UKIMWI. Mjumbe mmoja akasema kila mtu avune alichopanda. Mjane huyo ana watoto wanne, na hao hawakupanda chochote.

Ayubu alipoteza ng'ombe, punda, kondoo, ngamia na watoto kumi. Rafiki zake watatu walipokuja, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Tatizo lilianza walipotaka kueleza. Katika sura ya 22 Elifazi anamshtaki Ayubu kwamba aliwanyima wenye njaa chakula na kuwafukuza wajane mikono mitupu. Hakuwa na shahidi hata mmoja. Aliyatoa makosa hayo kichwani mwake, kwa sababu imani yake ilidai kwamba mateso makubwa lazima yawe na dhambi kubwa nyuma yake. Mwishoni Mungu anawakasirikia hao waliomtetea, naye Ayubu aliyelalamika anaambiwa kuwa ndiye aliyesema sawasawa (42:7).

Tuangalie pia jinsi Ayubu alivyoinuliwa, maana sehemu hii mara nyingi tunaisoma haraka. Ndugu na watu waliomfahamu walikuja nyumbani kwake, wakala naye, wakamfariji, na kila mmoja akampa fedha na pete ya dhahabu (42:11). Kwa lugha yetu, walimchangia. Mifugo ikarudi maradufu. Watoto kumi wengine wakazaliwa, lakini wale waliokufa hawakurudi, na hakuna mahali Ayubu anapoelezwa sababu ya yote yaliyompata.

Yesu naye aliletewa habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato. Akaongeza mwenyewe habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Moja lilikuwa tendo la mtawala, jingine ni ajali ya jengo, na katika yote mawili alikataa kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawataka wao watubu.

Hatusemi kwamba matendo hayana matokeo. Wakikata miti kwenye chanzo cha maji, maji yatapungua. Lakini mara nyingi anayekata yuko juu mlimani, na anayeamka alfajiri na ndoo ni mama wa bondeni. Martin Luther alimzika binti yake Elisabeth mwaka 1528 kabla hajatimiza mwaka mmoja, na Magdalena mwaka 1542 akiwa na miaka 13. Hatujamsikia Mlutheri anayesema baba yao alipungukiwa imani. Mjane wa jirani naye astahili heshima hiyo hiyo.

Kwenu wafadhili, jaribu linakuja kwa upande wa pili, yaani kudhani aliyepata amestahili. Yesu alifundisha kwamba Mungu huwanyeshea mvua wema na wabaya (Mt. 5:45). Mkulima anaelewa mara moja kwamba mvua hapo ni baraka, na kwamba shamba lililonyeshewa si cheti cha utakatifu wa mwenyewe.

Kwa mgao ujao tunaomba Luka 13:1–5 isomwe kabla orodha haijafunguliwa. Anayeondolewa, sababu iandikwe kwenye fomu: hajajenga banda, amehama, ana mifugo ya kutosha. Sababu ambayo mjumbe anaona haya kuiandika isitumike kumkata mtu. Na kwa kuwa utaratibu wetu ni kopa mbuzi lipa mbuzi, majina yaliyorukwa yatangulizwe pale mitamba ya kwanza itakaporudishwa.

Maswali ya kujadili: Ni nani katika usharika wetu tumemweleza msiba wake badala ya kukaa naye? Na je, tukienda kwake wiki hii, tutabeba nini mkononi?