SOMO LA ROBO HII: Matokeo Yametoka, Nani Hayumo Ubaoni?



Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya kikao cha kamati ya maendeleo ya usharika. Njooni na Biblia, daftari na kalamu, na ikiwezekana mwalikeni mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani. Neno la kusoma pamoja ni Luka 15:1-7.

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, sharika nyingi hufanya jambo jema. Mtoto aliyeongoza huitwa mbele ya ibada, hupewa madaftari au sare, na akina mama hupiga vigelegele. Wafadhili nao hutuuliza shule zetu zimefaulisha vipi, nasi tumezoea kuwajibu kwa asilimia. Asilimia hiyo ni ya kweli, ila inajibu swali moja tu.

Tuone inavyopatikana. Tangu mwaka 2021 mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila moja lina alama 50, jumla 300. Mwenye alama 121 na kuendelea yuko katika daraja A, B au C, naye huhesabiwa amefaulu. Idadi ya waliofaulu hugawanywa kwa idadi ya waliofanya mtihani. Neno la kushika hapo ni "waliofanya".

Chukueni mfano huu wa kujifunzia, si wa shule yoyote. Watoto 120 waliandikishwa darasa la kwanza. Miaka saba baadaye walioketi kwenye chumba cha mtihani ni 80, na waliofaulu ni 72. Ubaoni itaandikwa asilimia 90, na mwalimu mkuu atapongezwa kwa haki. Lakini kati ya wale 120 wa mwanzo, waliofaulu ni asilimia 60. Watoto 40 hawakufeli, wala hawakufaulu. Hawamo katika hesabu. Yule mchungaji wa Luka 15 naye asingejua kwamba kondoo mmoja hayupo kama angehesabu wale waliorudi peke yao.

Tusiharakishe kulaumu shule. Kati ya hao 40 wapo waliohama na wazazi na wapo waliokariri darasa, na mwalimu anaweza kuwaonyesha hao katika rejista. Wanaobaki ndio wa kutafutwa: aliyepelekwa kuchunga, aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani, aliyeacha kwa sababu ya njaa, na binti aliyepata mimba.

Kuhusu binti huyo niseme wazi, maana suala hili huleta ubishi mkali katika vikao vya wazee. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa ujauzito anaweza kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Nidhamu ya usharika ina utaratibu wake na mchungaji wake. Isitumike kumzuia mtoto kurudi darasani. Katika baadhi ya mitaa binti haonekani tena kanisani wala shuleni, na mtoto wake anakua bila mama aliyesoma. Hasara hiyo ni yetu sote.

Kuhusu njaa, wengi bado wanadhani elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 ilifuta kila kitu. Ilifuta ada na michango ya lazima. Sare, madaftari na chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka; kati ya hizo 6,000 zilipangwa kufika shuleni na 4,000 kununulia vitabu. Hiyo 6,000 ni shilingi 500 kwa mwezi: chaki, karatasi, matengenezo, michezo. Uji haumo. Gunia la mahindi linalouzwa kwenye mnada wa sadaka ya mavuno, likipelekwa jikoni shuleni kwa makubaliano na kamati ya shule, huenda likabakisha darasani watoto wengi kuliko zawadi ya mshindi mmoja. Hayo ni maoni yangu, yajadilini.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi walioongoza kitaifa. Sisi bado tunapanga shule za kata kama timu za mpira! Pongezeni, lakini mpongezeni pia mtoto aliyerudi shule baada ya kuacha.

Lipo jambo la kujiandaa nalo. Kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho la utaratibu wa zamani. Makundi mawili yataelekea kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka 2028. Ulizeni mapema madarasa na madawati ya sekondari ya kata yamefikia wapi.

Kazi ya robo hii ni hii. Mwombeni mwalimu mkuu namba nne: walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba kabla ya mtihani, waliohama au kukariri, waliofanya mtihani, na waliofaulu. Kisha wainjilisti wa mitaa waulizie waliokosekana. Sikukuu ya Mikaeli na Watoto ni siku nzuri ya kuanza, kwa kuwa watoto wengi huwapo. Hata hivyo shule ni ya umma, hivyo msihesabu watoto wa Walutheri peke yao. Shirikianeni na mwenyekiti wa kijiji, na viongozi wa msikiti pale walipo.

Taarifa ifike ofisi ya miradi kabla ya kikao kijacho. Majina ya watoto yasiandikwe. Idadi na sababu zinatosha.