Msaidie Mzee Asianguke

Mama, unakuja kliniki juu ya mtoto. Lakini pengine nyumbani yuko mzee ambaye mkono wake unatetemeka akipumzika, mwili ni mgumu, hatua ni fupi. Watu wanasema amelogwa. Sivyo. Mlete kwa munganga, huenda ni ugonjwa wa Parkinson. Munganga James Parkinson wa London aliuandika mwaka 1817. Hauambukizi. Sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo inaharibika pole pole.

Kwa nini anaanguka? Wewe ukijikwaa, mguu unaruka mbele upesi kukutegemeza. Mguu wake unachelewa. Anaanguka zaidi akigeuka, akisimama kitini, ao usiku akienda choo. Basi jamaa wanamwambia, "Kaa tu." Hilo ni kosa! Akikaa siku zote, miguu inalegea, naye ataanguka zaidi.

MAZOEZI

Kila siku, wakati dawa yake inafanya kazi vizuri. Mbele yake weka meza nzito. Wewe simama kando yake, karibu.

1. Kusimama. Avute miguu nyuma, ainamishe kifua mbele, asimame, aketi tena pole pole. Mara 5.

2. Kuegemea. Ashike meza, miguu iachane kidogo. Aegemee mguu wa kuume, kisha wa kushoto. Mara 10.

3. Hatua kubwa. Chora mistari chini kwa majivu. Avuke mstari mmoja mmoja, nanyi mkihesabu kwa sauti: moja, mbili!

4. Kugeuka. Asijizungushe juu ya mguu mmoja. Atembee duara, kama anayezunguka mti.

Miguu ikiganda kama imeshikwa na udongo, hapana kumvuta mkono, utamwangusha. Mwambie asimame, apumue, aegemee huku na huku, kisha apige hatua kubwa.

NYUMBANI

Ondoa kuni na mawe katika njia ya choo. Usiku washa taa. Mvua ikinyesha, udongo wa Mambasa unateleza: mtu amsindikize. Dawa asiiache ghafula. Akianguka akapiga kichwa, ao hawezi kusimama, mpeleke hospitali upesi.

MAULIZO

1. Kwa nini si vizuri mzee akae tu?
2. Miguu yake ikiganda, utafanya nini?
3. Leo, ukifika nyumbani, utaondoa nini katika njia yake?