Ndovu Asiye na Magoti

Yapata miaka 800 iliyopita, watawa wa Ulaya walikuwa wakiandika kwa mkono vitabu vya wanyama. Vitabu hivi vilipendwa hasa katika nchi ya Uingereza, katika karne ya 12 na ya 13. Waandishi wake hawakukusudia kueleza tabia za wanyama tu. Walitaka kila mnyama awe mfano wa kufundisha dini. Simba, mwari, njiwa, hata chungu, kila mmoja alipewa maana yake.

Habari ya ndovu ilikuwa hivi. Walisema kwamba ndovu hana magoti, kwa hiyo hathubutu kulala chini, asije akashindwa kuinuka. Usiku huegemea mti. Mwindaji akiujua mti ule, huukata kwa msumeno hata ukabaki kidogo tu, kisha hujificha. Ndovu akija kuegemea, mti huvunjika, naye huanguka na kulia. Hapo huja ndovu mkubwa, asiweze kumwinua. Huja wengine 12, nao hushindwa. Mwisho huja ndovu mdogo, akapitisha mkonga chini yake, akamwinua. Basi aliyeanguka ndiye Adamu, aliyepotea kwa ajili ya mti. Yule mkubwa ni Torati, wale 12 ni manabii, na yule mdogo ni Kristo aliyejinyenyekeza.

Mfano huu ni mzuri, lakini magoti yapo, na mtoto aliyekulia karibu na pori la ndovu angaliwacheka. Tena Aristotle, Myunani mwenye elimu, alikuwa amekwisha kuandika, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, kwamba ndovu hukunja miguu. Lakini watu walioipenda maana hawakuona haja ya kumchungua mnyama mwenyewe.

Hata mwaka 1255, Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alimpa Mfalme Henry wa 3 wa Uingereza ndovu hai. Akajengewa nyumba katika ngome ya London, urefu wake futi 40, na upana futi 20. Matthew Paris, mtawa wa St Albans, alimchora, na katika picha yake viungo vya miguu vyaonekana wazi. Ndovu yule alikufa mwaka 1257.

Hadithi haikufa pamoja naye. Mwaka 1646 tabibu Mwingereza, Thomas Browne, alilazimika kuikanusha tena katika kitabu chake.