Kabla Hujatoa Dola: Kununua Simu Butembo na Beni

Mwuza simu wa Butembo akipokea noti ya dola mia huiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole pembezoni, akatafuta mchaniko mdogo tu. Akiuona, noti inarudi mkononi mwako, hata kama ni halali kabisa. Mnunuzi je? Hupewa simu, akaiwasha, akaona kioo kinang'aa, akalipa, akaondoka. Ukaguzi uko upande mmoja. Naandika ili nasi wanunuzi tuikague simu kama noti yetu inavyokaguliwa, kwa kuwa mambo yaliyobadilika huko zinakotengenezwa simu yanatugusa moja kwa moja mitaa ya Kimemi na Mulekera, na wengi wetu tunayajua baada ya pesa kwenda.

Naanza na badiliko ninaloliona zito kuliko yote. Mwezi Septemba 2022 kampuni ya Apple ilitoa iPhone 14, na zile zilizouzwa Marekani hazikuwa na mahali pa kuweka kadi. Kadi yake ni eSIM: haishikiki kwa mkono, ni namba za siri ambazo kampuni ya mtandao inazituma ndani ya simu, mara nyingi kwa kupiga picha alama ya mraba yenye vidoti. Miaka mitatu hivi hilo lilibaki jambo la simu za Marekani. Septemba 2025 ilipotoka iPhone 17, orodha ilirefuka: Kanada, Meksiko, Japani, na nchi sita za Ghuba, yaani Saudia, Qatar, Kuwait, Bahrain, Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Falme za Kiarabu maana yake Dubai, na anayeishi Butembo hahitaji kuelezwa Dubai ni nini kwa wafanyabiashara wetu. Na iPhone Air, iliyotoka pamoja nazo, haina mahali pa kadi popote duniani.

Simu ya Dubai inafika Entebbe au Mombasa, inapita Kampala, inavuka mpaka wa Mpondwe na kuingia Kasindi, halafu Beni, halafu kilomita hamsini na kidogo hadi Butembo. Njiani kote huko hakuna anayelazimika kumwambia mnunuzi wa mwisho kwamba haina mlango wa kadi. Utagundua mwenyewe, nyumbani, ukiwa na kadi yako ya Vodacom, Airtel au Orange mkononi na huoni tundu la kuingiza kijipini. Kwa hiyo tazama ubavuni kabla ya jambo lingine lolote. Ukiwa na iPhone, fungua Réglages, kisha Général, kisha Informations, usome namba ya modeli: ikiishia na LL/A ilitengenezwa kwa soko la Marekani, ikiishia na J/A ni ya Japani. Za China bara na za Hong Kong ni kinyume: modeli nyingi zina nafasi ya kadi mbili za plastiki, na kwa anayeagiza kupitia Guangzhou hiyo ni nafuu kubwa.

Je, eSIM ni mbaya? Hapana, ni chombo kizuri, na mwizi hawezi kuitoa na kuitupa. Kabla ya kulipia simu ya namna hiyo, nenda kwanza kwenye ofisi ya mtandao wako, uulize kama wanaitoa hapa mjini, kwa muda gani na kwa malipo gani. Jibu la kijana wa dukani lisikutoshe. Hata hivyo ushauri wangu kwa mtu wa kwetu, kwa miaka hii, ni huu: chagua simu yenye mlango wa kadi. Nitaeleza sababu.

Namba yetu ya simu ni pochi. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, zote zimefungwa kwenye namba. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki za huko zilifunga milango, na familia nyingi zilibaki zikitegemea kinachotumwa kwa simu na ndugu walio mbali, wakiwemo walio Butembo na Beni. Ndani ya Beni na pembezoni mwake, tangu mashambulizi yalipoanza Oktoba 2014, watu wameamka usiku wa manane wakakimbia na walichoshika. Simu ikianguka, ikiloa, ikiishiwa chaji porini, kadi ya plastiki unaitoa, unaiweka katika simu ndogo ya tochi ya jirani, unabonyeza nyota na tarakimu zako, unapata pesa ya chakula. Kwa eSIM, simu ikifa unahitaji ofisi iliyo wazi, kadi yako ya mpiga kura kuthibitisha wewe ni nani, simu nyingine inayokubali eSIM, na intaneti. Vitu vinne kwa pamoja, siku ambayo pengine hata kimoja hakipo. Anayeishi Geneva hana haja ya kulipima hilo. Sisi tunayo.

Jaribio la pili ninaliomba kila mnunuzi wa simu ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, asiliache, hata muuzaji akinuna: simu ifutwe yote mbele yako, kisha iwashwe upya na kuunganishwa na intaneti hapo hapo dukani. Kufuta kufanyike kwa kupitia Paramètres, na atakayeandika neno la siri ni muuzaji mwenyewe. Kisha subiri. Kufuli tatu huweza kujitokeza wakati huo. Ya kwanza ni ya Apple: simu inadai akaunti ya mwenyewe wa zamani. Ya pili ni ya Google, iliyopo kwenye Android tangu mwaka 2015: inadai akaunti au namba ya siri iliyokuwemo kabla ya kufutwa. Ya tatu ni ngeni kwa wengi wetu, nayo ni kufuli ya mkopo. Kenya na Uganda kuna kampuni, M-KOPA ikiwa mojawapo, zinazouza simu kwa malipo madogo madogo, na mteja asipolipa simu hujifunga yenyewe kutoka mbali. Simu ya namna hiyo ikivuka mpaka kabla deni halijaisha, itakuwa nzuri leo na jiwe mwezi ujao, na utakayemfuata ni nani? Ukiona maandishi kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni au shirika, irudishe.

Kuna mafundi watakaokuambia, «Mama, hiyo kufuli ni kitu kidogo, lete dola kumi.» Fundi haiondoi kufuli, anaizunguka. Simu ikisasishwa au ikifutwa tena, kufuli inarudi, na iPhone nyingi zilizozungukwa hivyo hazipigi simu. Tena simu iliyofungwa na mwenyewe mara nyingi ni simu iliyoibwa. Tunajua jinsi simu zinavyochukuliwa kwa bunduki mitaani kwetu. Kununua simu ya wizi ni kumlipa aliyeshika bunduki hiyo, na simu ikitambuliwa, wa kwanza kuhojiwa ni anayeitumia.

Sasa namba ya IMEI. Watu wengi hapa waliisikia kwa mara ya kwanza kwa uchungu, Septemba 2020, mamlaka ya mawasiliano ARPTC ilipoanzisha daftari la simu lililoitwa RAM. Simu ya 2G ilitozwa dola 1 kwa mwaka, ya 3G na 4G dola 7, na pesa ilikatwa kwenye uniti zetu. Lengo lililotangazwa lilikuwa kupambana na simu za wizi na za bandia. Wananchi walipiga kelele nchi nzima, na mwaka 2022 makato hayo yaliondolewa. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini hasira ile isitufanye tuidharau IMEI yenyewe, kwa kuwa ndiyo kitambulisho cha simu yako. Tanzania, Juni 2016, mamlaka ya TCRA ilizima simu zote zenye IMEI bandia. Kenya ilifanya hivyo mwisho wa Septemba 2012, na simu zilizokatwa zilikuwa zaidi ya milioni moja. Mwanafunzi wetu anayekwenda kusoma Nairobi na simu ya bandia anabeba tatizo begani.

Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, au mbili kama simu ina kadi mbili. Simu inayokubali eSIM itaonyesha pia namba ndefu iliyoandikwa EID kando yake, na hapo utajua hata kabla ya kuuliza. Linganisha IMEI na ile ya kwenye boksi. Ikiwa ni sifuri tupu, au simu mbili tofauti dukani zina namba ile ile, weka chini. Na kuna hesabu moja ya karatasi na kalamu ambayo nawafundisha watu kwa furaha, kwa sababu haihitaji intaneti. Tarakimu ya 15 hukokotolewa kutokana na zile 14 za kwanza. Chukua namba hii inayotumika mara nyingi kufundishia: 490154203237518. Anzia kushoto, kila tarakimu ya pili izidishe kwa mbili, na jibu likizidi tisa zijumlishe tarakimu zake, kwa mfano 18 inakuwa 9. Hapa tunapata 9, 2, 8, 0, 4, 5 na 2, jumla 30. Zile ambazo hukuzigusa ni 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, jumla 22. Pamoja ni 52. Kufika 60 inahitajika 8, na tarakimu ya mwisho kweli ni 8. Isingelingana, ungejua namba imebuniwa na mtu asiyejua hesabu. Mwenye hila zaidi hunakili IMEI halali ya simu nyingine, kwa hiyo hesabu ikikubali bado hujamaliza, ikikataa, umemaliza.

Umri wa simu nao una bei. Tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android ya chini ya 5.0, na katikati ya mwaka huo iliziacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Nimewaona wazee waliouziwa iPhone 6 inayong'aa, yenye kifuniko kipya, kwa ajili ya kuongea na watoto walio ng'ambo, yaani kwa WhatsApp tu. Fungua Paramètres, shuka hadi À propos du téléphone, usome toleo la Android na tarehe ya marekebisho ya usalama. Tarehe ikiwa ya miaka mitatu nyuma na simu inasema hakuna jipya la kupakua, mtengenezaji ameshaiacha. Bado inaweza kupiga, kupokea na kutoa tochi, lakini isiwe simu ya kukaa na pesa za duka lako. Usidanganywe na jina kubwa: Samsung ya bei ya kati ya 2024, Galaxy A16, iliahidiwa marekebisho kwa miaka sita, wakati simu ya kifahari ya Samsung ya 2018 haina hata siku moja iliyobaki.

Betri, mtandao na nafasi ya kuhifadhi nitavipitia haraka. Laza simu mezani. Ikiyumba, betri imevimba, iache. Kwenye iPhone soma afya ya betri: chini ya asilimia 80 Apple yenyewe husema ipelekwe fundi. Weka kadi yako, piga simu, fungua intaneti, uone 4G inatokea. Nafasi kubwa kwa bei ndogo, GB 512 kwenye simu ambayo hata jina lake hulijui, ni uongo hadi ithibitike; kadi za kumbukumbu ni vivyo hivyo, nakili mafaili mengi kisha uyafungue moja moja, maana kadi ya bandia hupokea yote na kuhifadhi machache.

Na neno moja la kompyuta, kwa wenye vibanda vya kuchapisha kazi za wanafunzi: Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja. Baadhi ya laputopu za okazioni zinazoshuka bei zinatoka ofisi za Ulaya zinazozikimbia kwa sababu hiyo. Kabla ya kununua, uliza kama itakubali Windows 11. Kompyuta inayopokea fleshi za chuo kizima kila siku ndiyo inayohitaji kinga kuliko zote.

Ukiridhika na simu, dai risiti iliyoandikwa IMEI, siku ulizopewa za kurudisha, jina la duka na muhuri. Duka la haki halikatai, na Butembo kuna maduka mengi ya haki ambayo yanaumizwa na wauzaji wa kando ya barabara. Na simu ya zamani unayoiuza au kumwachia mdogo wako, ondoa kwanza akaunti ya Google au ya Apple, kisha uifute, la sivyo atakayeipata atakumbana na kufuli yako. Fundi akikuomba namba ya siri ya M-Pesa ili atengeneze kioo, chukua simu yako uondoke. Kabla ya kumwachia fundi au mnunuzi simu yako, toa kadi ya mtandao, na uikumbuke kadi ya kumbukumbu iliyo ndani kabisa: humo mna picha ya kadi yako ya mpiga kura na hati za kiwanja ulizopiga ili zisipotee.