MAJI YA KISIMA NA MAJI YA MTO: HAKI YA ALIYECHIMBA NA HAKI YA MWENYE KIU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akayatuliza katika ardhi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wametuuliza baadhi ya ndugu zetu wa mwambao, wenye kutoa mali zao kuchimba visima vya sadaka katika nchi ya Shinyanga, khasa wilaya ya Kishapu: Je, kisima kikisha kuchimbwa, maji yake ni ya nani? Na huyo aliyewekwa kukisimamia, ana haki ya kuwazuilia watu na wanyama wao? Suala hili ni zito kuliko linavyodhaniwa, kwani wengi wetu hufikiri kuwa sadaka imetimia pale fedha zilipotoka mfukoni.

Yapasa kwanza kuijua nchi yenyewe. Kishapu ni nchi ya mbuga za udongo mweusi, makazi ya Wasukuma wenye ng'ombe wengi na mashamba ya pamba na mtama. Mvua huja kwa msimu, kisha hufuata miezi mingi ya kiangazi. Mito hukauka juu, na wenyeji hufukua mchanga wa mto mpaka wayapate maji yaliyojificha chini. Wengine hutegemea lambo, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya mvua. Maji yanayopita katika nchi hiyo hushukia mto Manonga na mbuga za Wembere, kuelekea Ziwa Eyasi lisilokuwa na njia ya kwenda baharini. Sisi wa pwani twajua kisima kikivutwa kupita kiasi maji yake huingia chumvi, na ulimi hutupa khabari mapema. Huko bara hakuna chumvi ya kuwaonya. Kisima hukauka tu.

Tukija katika hukumu, jua ewe msomaji kuwa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameitazama nia ya mchimbaji. Mwenye kuchimba katika ardhi isiyo na mwenyewe kwa nia ya kuwanufaisha wapitao njia, basi yeye ni kama mmoja wao, hana ubora wowote juu yao. Mwenye kuchimba huko kwa ajili ya kujinufaisha muda wa kukaa kwake, yeye ni bora kuliko wengine mpaka ahame. Na mwenye kuchimba katika milki yake, au kwa nia ya kumiliki, maji huwa yake kwa kauli iliyo sahihi. Lakini hata huyu mwenye milki hakuachiwa afanye apendavyo. Imamu Nawawi katika *Minhaj* amebainisha kuwa maji yaliyozidi haja yake hayamlazimu kuyatoa kwa shamba la mtu mwingine, ila yamlazimu kuyatoa kwa mifugo. Mimea haina roho yenye kuona kiu kama mnyama. Na ikiwa ng'ombe ana haki hiyo, mwanadamu mwenye kiu haihitaji tumtafutie dalili.

Wanazuoni wameweka masharti: maji yawe yamezidi haja ya mwenyewe, yawe bado yamo kisimani, hayajatiwa katika chombo, pawe na malisho ya halali karibu, na mwenye mifugo asiwe na maji mengine yaliyo wazi. Katika kiangazi cha Kishapu masharti haya hutimia mara nyingi. Mtume (S.A.W.) amekataza kuzuia maji yaliyozidi kwa hila ya kuwazuilia watu malisho, kwani mchungaji hawezi kulisha pasipo na maji.

Hapa huja suala la fedha. Watu wa vijijini hutozwa kwa kila ndoo au kila dumu, na baadhi ya ndugu wamesema hiyo ni riba au ni haramu tupu. Si hivyo. Vitabu vyetu vyasema mwenye kisima yamlazimu kuyatoa maji yaliyozidi bila ya thamani, wala haimlazimu kumwazima mtu kamba yake na ndoo yake. Izingatieni sana kauli hii. Pampu ya leo ndiyo kamba, na bomba ndilo ndoo. Mafuta, au sahani za kuvuta nguvu ya jua, na fundi, na vipuri, vyote vina gharama, na kuwatoza watu gharama hiyo ni halali. Likizidi tozo likawa chumo la msimamizi, huyo sasa auza maji ambayo sharia imemwamuru ayatoe bure. Na asiyekuwa na senti, naye ana kiu, hafukuzwi. Mimi naona hesabu ya kila kisima isomwe mbele ya wanakijiji, kwani maneno mengi ya fitina hutoka katika daftari lililofichwa.

Suala jingine ni la kisima kirefu cha mashine kuchimbwa karibu na visima vya mkono. Katika ardhi isiyo na mwenyewe, kisima cha kwanza kina harimu yake, na wa pili huzuiwa akichimba mahali patakapopunguza maji ya wa kwanza. Ama katika milki ya mtu, asili ni kuwa aweza kuchimba hata maji ya jirani yakipungua, maadamu atumia milki yake kwa mujibu wa desturi. Akipita mpaka wa desturi, yu dhamini. Lakini walioandika hayo waliijua ndoo ya ngozi na punda wa kuvuta. Pampu ivutayo mchana kutwa mpaka visima vya kijiji kizima vikauke, kwa maoni yangu, imetoka katika desturi waliyoikusudia. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo imeyafanya maji yote kuwa ya umma chini ya uangalizi wa Rais, na mchimbaji hutakiwa kupata kibali katika Bodi ya Maji ya bonde lake. Kwa Bonde la Kati, ofisi iko Singida. Kutii hilo ni wajibu, kwa kuwa lina maslaha ya wazi.

Na kabla ya kufunga pampu, maji yapimwe. Maji ya chini ya ardhi ya Shinyanga mahali pengi yana floridi nyingi. Kipimo kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja. Yakizidi kwa miaka mingi, meno ya watoto hugeuka rangi, na yakizidi sana mifupa huharibika. Ladha haionyeshi kitu. Mtu aliyeambiwa kuwa maji yana madhara, kisha akayafungulia watu kwa sababu fedha zimekwisha kutumika, asitaraji thawabu.

Ama maji ya mto, yanayo hukumu yake. Zubeir bin Awwam aligombana na mtu wa Ansari juu ya mfereji wa Harra. Mtume (S.A.W.) kwanza alimwelekeza Zubeir anyweshe kisha amwachilie jirani, yule mtu akanung'unika kuwa Zubeir amependelewa kwa udugu, ndipo Mtume akampa Zubeir haki yake kamili, azuie mpaka maji yafike kwenye kuta. La kwanza lilikuwa suluhu, la pili hukumu. Na katika bonde la Mahzur kipimo kilikuwa maji yafike vifundoni, kisha yaachiliwe kwa wa chini. Wa juu ana kutangulia, hana kumaliza. Na mtu mpya akija kuanzisha shamba juu ya mashamba ya zamani akawabania maji, huzuiwa.

Jambo hili limetokea baina ya mataifa, na Shinyanga imo ndani yake. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana kuwa katika nchi zilizo chini ya Waingereza kisifanywe kitu katika Nile na maziwa yake chenye kuipunguzia Misri maji, ila kwa ridhaa yake. Tanganyika ilipokwisha kujitawala, serikali ya Nyerere mwaka 1962 ilitangaza kuwa haifungwi na mapatano hayo. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kazi ya kuyatoa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, kwa mabomba mpaka Kahama na Shinyanga, na mwaka 2009 mradi ukazinduliwa. Baadaye maji ya ziwa yalifika hata Kishapu. Mapatano mapya ya nchi za bonde la Nile yalitiwa saini Entebbe mwaka 2010, yakaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, ijapokuwa Misri na Sudani hazimo. Msingi wake ni kila nchi itumie kwa uadilifu bila ya kumtia mwenzake madhara makubwa. Mwenye kuijua khabari ya Harra hataliona jambo hili geni. Naongeza hili moja: maji ya ziwa yakishafika Kishapu hayarejei ziwani, kwani nchi hiyo yateremkia Eyasi. Kwa hiyo bomba linalovuja huko ni hasara ya mabonde mawili, nasi tulioko mbali tusidhani kuwa kuja kwa bomba kumeondoa haja ya lambo na kisima.

Kuyaharibu maji ni kama kuyazuia. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la matope ya mgodi wa almasi wa Mwadui, katika wilaya hiyo hiyo ya Kishapu, ulibomoka, na matope yakaenea katika makazi na mashamba ya jirani. Mafakihi wamesema mtu akinywesha shamba lake kupita desturi, maji yakamharibia jirani, analipa. Hukumu haibadiliki kwa kuwa mwenye shamba ni tajiri, wala kwa kuwa kilichomwagika ni tope.

Basi jawabu la waulizaji wetu ni hili. Mkichimba kwa nia ya wakfu, iandikeni nia hiyo kabla jembe halijaingia ardhini: kuwa maji ni ya watu wote wa mahali hapo na mifugo yao, kwa zamu itakayokubaliwa nao wenyewe, kuwa tozo ni la kamba na ndoo peke yake, na kuwa msimamizi huondolewa akihini. Sayidna Uthmani alipokinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa Waislamu, ndoo yake ikawa sawa na ndoo zao. Nanyi mkienda Kishapu kukitazama kisima chenu, simameni katika safu pamoja na akina mama wenye madumu, mngoje zamu yenu.