Somo: Ukuta wa mawe bila saruji



Masika iliyopita, ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane wa kanisa letu ulianguka usiku. Tunamshukuru Mungu, watoto walikuwa wamelala chumba cha mbele. Ukuta huo tuliujenga sisi wenyewe. Tuliusimamisha wima kama ukuta wa nyumba, na nafasi kati ya mawe tukaziziba kwa udongo ili upendeze. Kabla ya kuujenga tena, tujifunze tulikosa wapi.

1. Ukuta unashikwa na nini?

Udongo wa mteremko unausukuma ukuta kwenda mbele, na unasukuma zaidi chini kuliko juu. Kwa kuwa hakuna saruji, kinachoushika ukuta ni uzito wa mawe na namna yanavyokabana. Ukishindwa, huteleza kwa chini au hupinduka kwa mbele.

2. Jaribio la mwaka 1834

Huko Ireland, mhandisi wa jeshi la Uingereza, John Burgoyne, alijenga kuta nne za mawe bila saruji, kila moja kama mita 6 kwenda juu. Zote zilitumia kiasi kilekile cha mawe. Wa kwanza ulilalia upande wa udongo. Wa pili ulikuwa mpana chini na mwembamba juu, uso wake ukirudi nyuma. Wa tatu ulikuwa na uso wima, na upana wake ulizidi kwa nyuma tu. Wa nne ulikuwa wima pande zote mbili. Kisha wakajaza udongo nyuma yake. Kuta mbili za kwanza zilisimama. Mbili za mwisho zilianguka kabla udongo haujafika juu.

Basi tuliopungukiwa hatukupungukiwa mawe. Tulikosa kuulaza ukuta. Ule wa kwanza wa Burgoyne, kwa kila mita moja ya kwenda juu, ulirudi nyuma sentimita 20.

3. Maji

Udongo uliolowa ni mzito, na maji yasiyo na njia nayo husukuma. Nafasi kati ya mawe ndiyo njia yao. Sisi tuliifunga! Nyuma ya ukuta tuweke mawe madogo, si udongo mtupu, ili maji yashuke na kutoka.

4. Namna ya kujenga

- Chimba msingi mpaka udongo mgumu, nao uinamie kidogo upande wa mlima.
- Upana wa chini usipungue nusu ya kimo.
- Urefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta, usilale kwenye uso wake.
- Kila jiwe likae juu ya mawili, ili nyufa zisifuatane.
- Hapa na pale weka jiwe refu linalofunga mbele na nyuma.
- Ukuta unaozidi mita moja, aitwe fundi anayeijua kazi hii.

Wakonso wa kusini mwa Ethiopia wamelima milima yao kwa kuta za namna hii kwa vizazi vingi, nyingine zikifika mita 5. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika nchi yao katika Urithi wa Dunia. Kuta hizo hudumu kwa sababu watu huzitengeneza kila zinapoharibika.

5. Dalili

Ukuta wa mawe makavu unaweza kusogea kidogo bila kuanguka. Lakini ukifanya tumbo, usingoje mvua ya pili. Hamisheni watoto, bomoeni sehemu hiyo kuanzia juu, mkaijenge tena kwa mawe yaleyale. Ule wetu ulikuwa na tumbo wiki mbili. Tuliliona, tukapita.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Nyuma ya nyumba yenu kuna ukuta? Umesimama wima au umelala?
2. Mvua ikinyesha, maji yanatokea wapi?
3. Ni jirani gani hana mtu wa kumtazamia ukuta wake?