Maji Safi na Maji Yafaayo: Osmosisi ya Kinyume katika Tangi la Samaki

Mto Sigi huanza katika misitu ya Amani, Usambara ya Mashariki, na kutiririka hadi bwawa la Mabayani, ambalo ni chanzo cha maji ya jiji la Tanga. Miamba ya milima hiyo ni ya kale na huyeyuka kwa shida. Kwa hiyo vijito vya msituni hubeba chumvi kidogo. Visima vya pwani, kinyume chake, huweza kuwa na chumvi nyingi. Shule itakayo kufuga samaki katika tangi la kioo haina budi kuizingatia tofauti hiyo kabla ya kununua mtambo.

Vipande vya kiazi cha Lushoto vikitiwa katika maji ya chumvi hunywea. Maji hutoka katika seli, kupitia utando wake, kuelekea penye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Katika osmosisi ya kinyume, shinikizo huyalazimisha maji kupenya utando na kuiacha chumvi nyuma.

Katika mtambo wa nyumbani, maji hupita kwanza katika chujio la tope, kisha katika mkaa, ndipo yafike kwenye utando. Mkaa huondoa klorini, ambayo huwadhuru samaki na kuuharibu utando. Maji yaliyobaki na chumvi humwagwa. Mara nyingi ni lita 3 au zaidi kwa kila lita 1 iliyosafishwa.

Usafi huhifadhiwa kwa kupima. Maji yaingiayo yakiwa na miligramu 300 za chumvi kwa lita, na yatokayo miligramu 15, utando umezuia asilimia 95. Yatokayo yakizidi miligramu 30, utando huenda umechakaa.

Hata hivyo, samaki naye ana utando, yaani matamvua. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Maji humwingia daima, figo huyatoa, na matamvua hufidia chumvi inayopotea kwa kuifyonza kutoka majini. Katika maji matupu hakuna cha kufyonza. Samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji yenye madini mengi, huweza kufa humo. Kwa hiyo maji yaliyosafishwa hurudishiwa madini kwa kiasi kabla ya kutiwa tangini.

Kwa shule iliyo kando ya Sigi, tatizo kubwa ni tope la masika. Maji yakituama, kisha yakachujwa kwa mchanga, huweza kuwafaa samaki wa mto huo bila mtambo. Mahali pa osmosisi ya kinyume ni penye kisima cha chumvi.

Zoezi: Maji ya kisima yana miligramu 800 za chumvi kwa lita. Lita 1 yake ikichanganywa na lita 3 za maji hayo hayo yaliyopita katika utando unaozuia asilimia 95, mchanganyiko utakuwa na miligramu ngapi kwa lita? (Jibu: 230.)